Jogoo Mmoja na Vitanda Viwili

Kijiji cha Kibuta,
Kisarawe.
Jumatano, 9 Aprili 1980.

Ndugu Afisa Ushirika wa Mkoa,
Kibaha.

Basi, huyo jogoo.

Jumapili ya Pasaka dereva wako alipopiga honi ya tatu, ukanyanyuka na tonge bado liko shavuni, mimi ndiyo kwanza nilikuwa nafika kwenye jogoo. Yote niliyosema kabla ya hapo, habari za jirani yangu Marselina na suti ya mumewe, yalikuwa ya kukuchangamsha tu. Sasa kwa kuwa Landrova ya serikali haiwezi kumsubiri dada mtu amalize neno, nakuandikia. Na nakuandikia kiofisi, siyo kidada, maana Mwalimu Redempta wa kisomo cha watu wazima ametuambia lalamiko lisilo na namba ofisini hawalisomi, wanalikalia. Kwa hiyo nimeweka namba. Marahaba kwanza, shikamoo yako najua iko njiani.

Mambo yenyewe ni haya. Mwanangu Stellamaris ulimwona, tumbo linaingia mlangoni, yeye mwenyewe anafuata baadaye. Mimba ya kwanza hiyo, na mumewe Anselmi yuko kiwandani Dar, likizo yake bado. Mkunga wetu wa zahanati, Bi Laurensia, amempapasa akasema mtoto amelala ubavu, kama mtu aliyekuja kutembea akakuta mkeka. Akasema siku uchungu ukianza tusihangaike na zahanati, tumkimbize hospitali kubwa Kisarawe, maana akichelewa hapa tutaongea mengine. Aliposema hayo mengine hakunitazama usoni.

Matibabu serikali imetupa bure, tunashukuru. Shughuli ni kuyafikia hayo ya bure. Masika hii barabara imekuwa uji. Lori la kijiji liko juu ya mawe tangu Saba Saba linangoja matairi. Kutoka hapa mpaka Kisarawe ni saa nne kwa mtu mzima mwenye miguu yake, na katikati kuna mito mitatu ambayo kiangazi unairuka na masika inakuruka wewe. Kisarawe mjini hatuna ndugu wa kumpokea Stella akasubiri siku zake. Ndugu tuliyekuwa naye amehamishiwa Kibaha, hongera.

Kwa hiyo mgonjwa wa dharura hapa kwetu anabebwa kitandani, mabegani mwa watu. Na hao watu mwaka huu wamegawanyika vyama viwili. Kila kimoja kinajiita bima ya masika, Machi mpaka Mei, ukishapita Mei kila mtu na miguu yake. Kiingilio ni jogoo mmoja kwa kila nyumba, huku jogoo na kule jogoo. Na mimi tangu kideri kipite bandani mwangu mwezi wa pili nimebakiwa na jogoo mmoja tu. Ndiyo maana, Ndugu Afisa, sikukuu nzima ya Pasaka ulikula mchicha na samaki mkavu huku jogoo anakuchungulia mlangoni. Najua ulisema moyoni, dada kawa mchoyo. Yule siyo kitoweo, mdogo wangu. Yule ni mpwa wako anavuka mto.

Sasa malalamiko.

1. La kwanza ni Bwana Leodegar. Huyu ni mtu wa bara aliyestaafu ukarani kwenye ofisi fulani ya bima huko mjini, akaja kujenga hapa na mkewe Bertha, na mhuri. Alipotoka ofisini wenzake walimpa saa ya ukutani, mhuri sijui alipewa na nani. Chama chake kinaitwa Umoja wa Dharura. Ana machela ya turubai, ya kijani, mpya, inanukia duka. Ana vijana sita wa kubeba, wote wamevaa kitambaa cheupe mkononi. Na ana kadi. Gregori, ile kadi ukiishika tu unaona homa inashuka. Imechorwa mtu amelala anacheka.

Lakini nyuma ya kadi kuna maandishi madogo kama mayai ya chawa. Wengine wote walipokea kadi wakaitia kwenye pindo la kanga. Mimi nikampelekea Mwalimu Redempta, akavaa miwani, akanisomea. Imeandikwa kwamba dharura ni jambo ambalo mgonjwa hakulijua kabla. Nikamwendea Leodegar nikamuuliza, basi na mwanangu je? Akanijibu kwa adabu kabisa, maana ni mtu wa adabu, kwamba mimba haiwezi kuwa dharura kwa sababu imejulikana miezi tisa. Nikamwambia kwa hiyo katika kijiji hiki anayebebwa ni yule tu asiyejua kwamba ana mimba. Akafikiri, akasema ndiyo, huyo anabebwa.

2. La pili ni huyo huyo. Kadi inasema taarifa ya dharura itolewe siku tatu kabla, kwa maandishi. Mimi sikulikasirikia, nikadhani ni mambo ya mjini. Ila kuna habari ya Bi Yosefina, yule wa nyumba ya bati karibu na ghala, aliyeumwa na nge shambani mwezi wa tatu. Vijana walifika upesi, hilo sitawanyima. Walimlaza kwenye machela vizuri, wakamfunika. Kisha fomu ikahitaji mhuri, na mhuri unalala nyumbani kwa Leodegar, na nyumbani kwa Leodegar ni upande ule unaokwenda mbali na Kisarawe. Wakambeba Yosefina kuufuata mhuri. Kufika, Leodegar yuko kisimani. Kumngoja, sumu ya nge imechoka yenyewe imeondoka. Yosefina akashuka akarudi kwake kupika, na kwa vile kijana mmoja alikuwa ameumia bega, akawasaidia kushika machela upande mmoja. Hii siyo umbeya, kaniambia mwenyewe, na machela nimeiona na tope la miguu yake.

3. La tatu ni Mbaraka. Hapa naomba ukae vizuri.

Mbaraka na ndugu zake ni Wanyamwezi, baba yao alikuja zamani kukata mkonge kule Soga, watoto wakafuata mashamba mpaka huku wakaoa huku. Wana kitanda cha kamba, cha mninga, kizito kama deni, nacho kimebeba watu tangu kabla ya uhuru. Hawana kadi, hawana kitambaa mkononi, hawana fomu. Ukitaka kuandikishwa unampa Mbaraka jogoo, yeye anamwangalia jogoo machoni, anasema haya. Ndiyo umeandikishwa.

Ungefikiri ningekimbilia huko. Tatizo ni kwamba hao ni watani zetu. Wewe umekaa mjini lakini hujasahau: akifa Mzaramo, Mnyamwezi analala njiani mbele ya jeneza, anasema marehemu ana deni lake, hapiti mtu mpaka apewe kitu. Wakati mwingine anaingia kaburini kabisa, analalia udongo, na watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Kwenye msiba ni dawa, sikatai. Alipokufa mama, ni baba yake Mbaraka aliyevaa kofia ya mama na kutugombeza kwa sauti ya mama mpaka wewe ukacheka mbele ya padri. Lakini sasa utani huo kwenye kitanda cha mgonjwa?

Marselina kanihadithia habari ya Hilario, aliyeanguka kwenye mnazi mwaka juzi. Anasema walimbeba, wakafika mto wa kwanza, kitanda chini. Mbaraka akalala mbele ya kitanda, akasema mtu huyu hapiti bila kuku. Wakapewa kuku. Mto wa pili, kitanda chini, kuku. Mto wa tatu Hilario hana kuku tena, wakaanza kumlilia kama maiti na kugawana baiskeli yake, nani achukue kengele na nani achukue kiti. Hilario na mguu wake uliovunjika. Mimi sikuwepo, lakini Marselina ni mtu wa kweli ukiondoa mambo ya umri wake.

Sasa nipigie hesabu, wewe uliyesoma. Mwanangu amelazwa kitandani na mtoto amelala ubavu, na mito ni mitatu, na jogoo wangu mmoja tayari nimeshampa Mbaraka kama kiingilio. Mtoni nitampa nini? Damiani? Damiani ni mume wangu wa miaka ishirini na mbili, hata mtani hawezi kumpokea.

4. Hili la nne siyo lalamiko, ila nimelipa namba lisipotee. Jogoo nimempa Leodegar. Na Mbaraka pia nimempa. Yaani yupo bado bandani kwangu, ila kila mmoja nimemwambia ni wako, utamchukua Jumamosi hii ambayo ni siku ya mwisho ya kuandikishwa. Leodegar akamfunga kikaratasi mguuni chenye namba 17. Mbaraka akamng'oa manyoya mawili ya mkia, ndiyo alama yake. Jogoo anatembea kama aliyetoka jela. Usiniseme. Ukiwa na mtoto mmoja na jogoo mmoja ndiyo utanisema.

5. La tano ni kwamba bima hizi huwezi kuzijaribu. Kanga unaishika, unaivuta, unaisoma maneno yake, unairudisha. Chungu unakigonga. Hata mchumba anachunguzwa kwao. Lakini bima wanakwambia utaijua siku ukiugua, na siku ukiugua ukikuta mbovu utamwambia nani, na kwa mdomo gani?

Kwa hiyo Jumatatu ya Pasaka, baada ya wewe kuondoka, nilimwomba Damiani augue. Kazi ya kulala Damiani hajawahi kuikataa. Tulipatana ashike tumbo, agumie, asiseme sana. Nikatoka uani nikapiga ukelele mmoja wa wastani.

Wa kwanza kufika ni Mbaraka na wenzake, kabla sijavuta pumzi ya ukelele wa pili, na kitanda begani. Mbaraka akamshika Damiani paji la uso. Akamtazama macho. Akamuuliza amekula nini. Damiani, badala ya kugumia, akajibu kwa sauti nzima kwamba amekula ugali na kisamvu na kimebaki jikoni. Mbaraka akawageukia wenzake, wakampakia. Nikasema moyoni, Petronila, umepata watu. Nikafuata nyuma na kanga ya kumfunika mgonjwa.

Mto wa kwanza, kitanda chini. Kama alivyosema Marselina, tena zaidi. Mmoja akamvua Damiani viatu akavijaribu, akasema vinabana kidogo lakini marehemu alikuwa mtu mzuri. Mwingine akauliza redio iko wapi. Wakakaa pembezoni wakalia kwa sauti kubwa, mpaka wanawake waliokuwa shambani wakatupa majembe wakaja kulia nao bila kujua wanamlilia nani. Halafu Mbaraka akasimama, akanipangusa bega, akatangaza kwamba mjane huyu yeye Mbaraka ndiye atakayemrithi, ingawa ana maneno mengi, atamzoea.

Hapo marehemu akaamka. Damiani aling'oa fito ya ua wa shamba la watu akamkimbiza Mbaraka ndani ya maji mpaka ng'ambo, na sijamwona akikimbia hivyo tangu tuoane. Wakati huohuo Leodegar ndiyo anafika na vijana sita, machela na fomu, anahema, anaomba wadhamini wawili wasio ndugu wa mgonjwa. Akamwona mgonjwa yuko ng'ambo anapiga watu. Akafungua mkoba, mhuri safari hii alikuwa nao, akaandika kwenye fomu: Amepona. Akagonga mhuri. Sasa hivi fomu hiyo imebandikwa ofisi ya kijiji, inasomeka kwamba Umoja wa Dharura umehudumia mgonjwa mmoja na amepona mmoja. Damiani hasemi na Mbaraka. Na viatu havijarudi.

6. Hii nimeiruka, inamhusu Marselina na suti.

7. Kwa hiyo, Ndugu Afisa, kwa kuwa vyama vyote viko chini ya ofisi yako, vya pamba na vya korosho na hivi vya kubeba watu sioni kwa nini visiwe, naomba yafuatayo kwa heshima:

Kwanza, serikali ituletee mgonjwa wa kupimia. Damiani hafai tena, wameshamjua. Anatakiwa mtu mzito, asiyejulikana sana kwa sura, na mwenye cheo ili wamwogope kidogo. Nimefikiri sana nikaona ni wewe. Uje Ijumaa, uugue nyumbani kwangu saa mbili asubuhi, ghafla, usimwambie mtu isipokuwa mimi. Chai nitakupa kabla.

Pili, kama una mikutano, basi kuugua kuwe kwa zamu. Siasa yetu ni kushirikiana, mashamba tunalima kwa zamu, ghala tunalinda kwa zamu, sioni kwa nini ugonjwa uachwe kiholela uangukie wale wale. Balozi wa nyumba kumi aandike ratiba, kila nyumba itoe mgonjwa mmoja siku yake inayojulikana. Hapo Leodegar atapata zile siku zake tatu za taarifa, na hakuna atakayeshtukizwa. Balozi aanze yeye.

Tatu, uzazi uhamishiwe kiangazi. Naambiwa waraka ukitoka mkoani unafuatwa. Kwa walioko tayari njiani, kama mjukuu wangu, waraka uwaombe wasubiri Juni, barabara ikikauka.

Nne, utani wote katika wilaya usimamishwe kuanzia tarehe ya kwanza Machi mpaka mwisho wa Mei. Mwenye la kutania aliweke. Mbaraka apewe barua ya onyo, na iandikwe kwa herufi kubwa, maana kusoma ndiyo anaanza, tunakaa naye benchi moja kisomoni na ananichungulia daftari.

Tano, na hili ndilo hasa, uniambie wewe: nimpe nani jogoo? Yote hapo juu unaweza kuyaweka kwenye faili. Lakini Jumamosi inakuja, Gregori, na mimi nina jogoo mmoja. Mwenye kadi hatambui mimba. Asiye na kadi ataniweka mtoto wangu chini mtoni achekeshe watu. Ukinyamaza nitachagua mwenyewe, na nikikosea sitakuwa na pa kulalamika.

Nisalimie wifi. Nisalimie watoto wote, na yule mdogo mwambie shangazi anajua nani alivunja kibuyu. Nisalimie dereva wako ingawa simpendi, na jirani yenu wa mbuzi, na makarani wote watakaoisoma barua hii kabla yako. Damiani anakusalimu amelala. Stella anakusalimu, anasema mjomba aje na sabuni. Mimi mzima, ulimi na viungo vyote.

Wako katika ujenzi wa taifa, na dada yako aliyekubeba mgongoni mpaka ukamharibia magauni mawili,

Petronila, mke wa Damiani,
Mwanakisomo, hatua ya tatu.

Nyongeza. Ijumaa tarehe 18. Kando ya mto.

Gregori, barua haikwenda. Imekaa kwenye pindo la kanga yangu siku tisa, ndiyo maana imelowa na hilo doa hapo juu ni la uji. Sikupata nafasi ya kuifikisha posta kwa sababu Alhamisi, kesho yake tu, mimi nimeamka nitafute bahasha, Stella akanishika mkono. Nikajua.

Safari hii sikupiga ukelele wa wastani. Sijui nilipiga upi. Damiani alikimbilia kwa Leodegar, maana kwa Mbaraka bado amenuna. Lakini kabla Damiani hajatoka uani Mbaraka alikuwa ameshaingia na kitanda. Hakumshika paji la uso, hakuuliza amekula nini. Alimwangalia Stella mara moja tu. Jumatatu ile alijua kabisa tunamchezea, mtu mwenye shibe hawezi kuigiza maumivu. Nyuma yake akaja Leodegar, mvua inamnyeshea, kiatu kimoja, hana fomu, hana mkoba, mhuri sijui ameuacha wapi. Nikaanza kumwambia kwamba mimba haimo kwenye kadi. Akasema, "Mama Stella, shika mwavuli."

Ile machela yake ya turubai ikaonekana haifai kwenye tope, inazama katikati. Basi Stella akalazwa kwenye kitanda cha kamba, na turubai la Leodegar likafungwa juu kuwa paa. Vijana sita wa kitambaa cheupe na ndugu wanne wa Mbaraka wakapokezana. Ukiwatazama hujui yupi wa chama gani, wote ni tope.

Mimi nilimbeba jogoo. Ndiyo, nilimtia kwapani. Nilisema tukifika mtoni Mbaraka atakapolala njiani nitampa papo hapo, nisibishane. Tulipofika mto wa kwanza maji yalikuwa kifuani. Nikakimbilia mbele, nikamnyooshea Mbaraka jogoo, nikamwambia chukua, mtani, chukua tupite. Hakusimama. Wala hakumwangalia jogoo. Alikuwa ameshainua mguu wa kitanda juu ya kichwa, akasema, "Mtani, tunamzuia anayeondoka. Huyu anakuja."

Wakaingia majini. Leodegar aliuchukua tena mwavuli wake, akatangulia akipima kina kwa mpini, anapiga kelele hapa, hapa, siyo hapo. Mto wa kwanza, wa pili, wa tatu, kitanda hakikugusa ardhi. Saa nne tulizitembea kwa tatu na kitu. Damiani kwenye mto wa pili alishika mguu wa kitanda ubavuni mwa Mbaraka, na wala hawakusemeshana, lakini niliviona viatu vya Damiani miguuni mwa Mbaraka, na Damiani aliviona, akazidi kukaza mkono kitandani.

Pale hospitali wauguzi walimpokea mbio, daktari akamgeuza, sijui alimgeuzaje, mimi nilikuwa nje na jogoo. Mchana mtoto akalia. Wa kike, mzito, ana masikio yako. Mama yake mzima.

Kwa hiyo yote niliyoyaandika hapo juu, kuanzia namba moja mpaka hiyo ya tano ya saba, usiyasome. Kama umeshayasoma, yasahau. Waraka usiandikwe. Mbaraka asipewe onyo. Leodegar kadi zake aendelee nazo, zinapendeza. Na habari ya Hilario nimemwuliza Hilario mwenyewe, tumemkuta Kisarawe amekuja kutazamwa mguu. Ilikuwa kweli, kuku wawili na baiskeli, ila ni siku ya kumrudisha, mguu umeshatiwa plasta na amekunywa soda. Marselina alinihadithia kwa kuanzia mwisho, kama kawaida yake.

Hilo ndilo linalonifanya niandike upesi. Kwenda ilikuwa ni kwenda. Leo tunarudi. Na hapa ninapoandika, kwa kalamu ya Leodegar, ni mto wa kwanza kutoka Kisarawe, na kitanda kiko chini. Mbaraka amelala njiani mbele ya kitanda, amejifunika kanga yangu, anasema mtoto huyu ana deni lake la mabega kumi na hapiti. Na pembeni yake amelala Bwana Leodegar, mtu wa adabu, na shati lake la ofisi. Walirudi jana kutuchukua, na tangu hapo wamekuwa wakimfundisha utani. Ameshaandika karatasi kwamba kila mto ni jogoo mmoja, mito mitatu jogoo watatu, na ule mhuri umeonekana, umegongwa. Stella anacheka mpaka nyuzi zinamuuma. Mtoto amelala chali, kama mtu wa kawaida.

Jogoo mmoja ninaye, ana namba 17 mguuni na mkia wenye pengo. Amelala hospitali siku nane, wagonjwa wote wamemzoea. Nimewaambia mabwana hawa kwamba wale wawili waliobaki wanamhusu mjomba mtu, ana Landrova, yuko Kibaha, na ofisi yake naijua. Wamekubali kukungoja. Barua anakuletea Leodegar mwenyewe, anasema ana shughuli huko, mpe chakula.

Basi fanya hivi, tuma jogoo wawili wenye afya, wasiwe wa kideri, na dereva asipige honi karibu na mtot

Ngoja, Mbaraka ananiita. Anasema, mtani, jogoo wako kakata kamba, huyo anaogelea kurudi Kisarawe, na Leodegar naye anasema kama hana taarifa ya siku tatu hafuatwi na mtu. Gregori, fanya wawe watatu, nakimbilia majini kumka